Ndege ya Mafuta ya Taa

Siku walipoing'oa injini ya zamani nilikataa kushika hata spana moja. Nilikalia pipa tupu mlangoni mwa banda, nikala muhogo wangu wa kuchemsha, nikawatazama wanavyohangaika. Injini ile ilikuwa na silinda tisa zilizopangwa kwa duara, nzito kama ng'ombe aliyeshiba, na mimi ndiye niliyeilea kwa miaka ishirini na sita. Nilijua silinda ya tano ina tabia ya kuloanisha plagi zake. Nilijua itakohoa mara ngapi kabla haijashika moto. Walipoiinua kwa mnyororo, mafuta yakadondoka sakafuni, na Jumbe akaruka nyuma asichafue viatu vyake vyeupe.

"Unaona, Mzee Tsuma? Inavuja kila mahali."

"Inavuja kwa sababu ina mafuta ndani," nikamjibu.

Jumbe ndiye mwenye ndege. Tuseme kweli: baba yake ndiye aliyekuwa mwenye ndege, yeye kaikuta tu, kama alivyoikuta nyumba ya Msambweni na kiwanja hiki kifupi kilichofyekwa katikati ya mikorosho, njia ya kwendea Kikoneni. Ndege yenyewe ni Biva, iliundwa Kanada mwaka wa hamsini na sita. Mabawa yake yako juu, matairi manene, na hupaa mahali ambapo ndege nyingine bado zinajikokota zikitafuta mwendo. Marehemu baba yake alinitoa Samburu, hii ya Kwale, nikiwa fundi wa pampu za visima, akanipeleka Nairobi nikasomea cheti, akanikabidhi Biva. Hakuwahi kuniuliza swali la kipuuzi. Mwanawe huyu, tangu arithi, hajauliza swali jingine.

Sababu waliyoitoa ni petroli ya ndege. Kweli ilikuwa taabu kuipata, mapipa yalikuja yenyewe yalipotaka, na wageni wa Diani walikuwa wakisubiri safari mpaka wanakasirika. Basi Jumbe akaona kwenye simu yake jinsi Wazungu fulani wanavyoitoa injini ya Biva na kutia tabaini, ile injini inayozunguka bila pistoni na kunywa mafuta ya ndege kubwa. Aliponionyesha nilimwuliza mafuta hayo ni mafuta gani hasa. Akazungukazunguka, mwisho akakiri kwamba ni ndugu wa mafuta ya taa. Nikafyonya. Mimi nimesoma chini ya kibatari cha mafuta ya taa, na sikuwahi kukiona kibatari kikiruka.

Akauza boti zake mbili akanunua tabaini moja iliyotumika. Hakuna ya pili, na hakuna boti nyingine ya kuuza. Kisha akaniambia mambo waziwazi, maana hata yeye ana siku zake za ukweli: mkaguzi akija kutoka Nairobi akaipitisha injini mpya, fundi mkuu atakuwa yule atakayeifunga, na mimi nitapumzika "kwa heshima zote." Isipopita, injini ya zamani inarudi puani mwake, na mimi ninarudi pamoja nayo. Nikaisogeza injini yangu kwenye kona ya banda, nikaifunika turubai, na kila Ijumaa nikawa ninaipaka mafuta. Nilikuwa na hakika tutarudi wote wawili.

Hakika hiyo nilizidi kuipata nilipomwona fundi mwenyewe. Beryl! Nilimtazama juu mpaka chini, nikamtambua. Ni binti wa Kahaso, yule mama aliyekuwa akiwauzia chai madereva wa malori pale Samburu. Mtoto niliyemwacha akikimbiza mbuzi wasile mahindi ya watu ndiye leo kaja na ovaroli iliyopigwa pasi na sanduku la vifaa ambalo kila spana ina shimo lake, na shimo likiwa tupu hafungi kazi mpaka spana ipatikane. Kulikuwa na jioni alitutafutisha bisibisi moja chini ya mikorosho mpaka magoti yakauma. Nikamwambia bisibisi zipo nyingi. Akasema, "Hiyo ndiyo sijui iko wapi, baba." Ilikuwa mfukoni mwa Jumbe.

Kila asubuhi alipofika alinijia nilipo, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, baba."

"Mm," nilimjibu. Marahaba yangu simpi kila mpita njia.

Nisikilizeni niwaambie ile tabaini ilivyo. Ni jitu jepesi, refu, jembamba, watu wawili wanalibeba huku wakipiga soga. Kwa kuwa ni jepesi, ndege ingelemea mkiani, kwa hiyo ikabidi walisogeze mbele kabisa. Biva yangu, iliyokuwa na uso wa duara wa kiungwana, ikaota pua ndefu kama ya samaki chuchunge. Beryl aliipima ndege nzima kwenye mizani mara tatu, akijaza tarakimu kwa mwandiko mdogo mdogo kama wa karani wa mahakama. Nilimwuliza kama mizani yake inabadilika kila akila chakula cha mchana. Hakukasirika. Akapima mara ya nne.

Na panga lake, lile la puani linalovuta ndege! Injini ya zamani, ukitaka kuzungusha panga kwa mkono asubuhi, inakusukuma, unajua unashughulika na kitu chenye nguvu. Hii unaisukuma kwa kidole, inazunguka kama pangaboi la kinyozi. Upepo wa bahari ukivuma inazunguka yenyewe bila kuwashwa. Ikabidi ifungwe kamba kila jioni, kama mbuzi. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na nilihakikisha kila mtu bandani amenisikia.

Halafu kuna suala la kizibo. Ndege ikilala lazima uzibe matundu yake, maana huku kwetu kuna nyigu wa udongo, na nyigu akipata tundu hatafuti jingine. Kwa siku moja tu anaweza kukujengea chumba ndani ya bomba. Mimi miaka yote nilitumia makumbi ya nazi. Unachukua fungu la makumbi, unalisokota, unalisukumiza ndani kwa kijiti. Nyigu hapiti hapo. Asubuhi ninayatoa mwenyewe, kwa mkono wangu, kabla rubani hajapanda. Halikuwahi kusahauliwa hata fungu moja, na sikuhitaji kubandika alama, maana kila mtu kiwanjani alijua kwamba ndege haiwashwi mpaka Tsuma ametoa makumbi.

Beryl alikwenda kwa fundi cherehani wa Kombani akashonewa kizibo cha kitambaa chekundu kilichojazwa sponji, chenye utepe unaoning'inia kama mkia wa tiara. Eti utepe unamkumbusha mtu. Nikamwambia kwamba mimi kumbukumbu yangu iko kichwani, si kwenye mkia wa kitambaa.

"Ni kweli, baba," akasema. "Lakini kichwa kina mambo mengi."

Miezi mitano ikapita namna hiyo. Jioni ya kuamkia siku ya mkaguzi, Beryl alikagua kila kitu, akapiga tochi kwenye koo la hewa, lile bomba chini ya pua ambalo injini inavutia pumzi, akatia kizibo chake chekundu, akaaga, akaenda Msambweni alikopanga. Mimi nilibaki kufunga milango. Jua lilikuwa bado halijazama. Nikamwona nyigu anatoka pembeni ya kizibo, mwenye maringo yake. Mwingine akaingia na donge la udongo.

Nakwambieni nilifurahi. Kizibo cha Kombani kimeshindwa na nyigu! Nikakichomoa, nikakuta kwenye ukuta wa bomba wameanza kujenga. Nikakwangua udongo wote, nikapangusa kwa kitambaa safi, maana injini haina kosa, na uchafu ni uchafu hata kama ni wa adui. Kisha nikasokota makumbi mazuri makavu, nikayasukumiza kwa kijiti mpaka ng'ambo ya kona ya bomba, mahali nyigu hatafika. Kizibo chekundu nikakirudisha mbele, kipendeze. Niliazimia asubuhi niyatoe mbele ya watu wote, mbele ya mkaguzi hasa, ili ajue ni nani anayeifahamu ndege katika pwani hii.

Asubuhi ikaja na mambo yake. Jumbe alikuja na kanzu nyeupe utadhani anakwenda kuoa. Binti yake Muhsina, anayesomea mambo ya hoteli, alisimama mbele na simu yake akipiga video, tayari kuwaonyesha walimwengu. Mkaguzi alikuwa mtu mfupi mwenye miwani, asiye na maneno mengi. Nilijitayarisha kumsogelea. Kabla sijafika, Jumbe akanishika bega, akanipachika mtungi wa kuzimia moto mikononi.

"Mzee wangu, wewe simama pale kwenye bawa. Shika huu mtungi. Usiguse kitu kingine, tafadhali, leo si siku ya mambo ya kizamani."

Alisema hivyo mbele ya mgeni, na mbele ya binti yake mwenye simu. Damu ikanipanda kichwani mpaka nikasikia masikio yanalia, na kila nilichokuwa nimepanga kusema kikayeyuka. Nikaenda nikasimama kwenye bawa na mtungi wangu kama mlinzi wa benki.

Beryl akanifuata. "Shikamoo, baba. Kabla sijapanda, kuna chochote unachokijua wewe ambacho mimi sikijui?"

"Mimi ni mtu wa mtungi tu," nikasema.

Akaenda zake kwenye pua ya ndege. Wallahi wakati ule nilikuwa nimesahau. Ninaapa kwa hilo na siapi ovyo. Alichomoa kizibo chekundu, akamulika tochi ndani, akamwonyesha mkaguzi.

"Koo la hewa?" akauliza mkaguzi.

"Safi," akasema Beryl.

Hapo ndipo nilipokumbuka.

Akapanda chumba cha rubani. Dirisha lilikuwa wazi na alikuwa akisema kwa sauti kila alichofanya, ndivyo walivyomfundisha. Betri. Kiwasho. Tabaini ikaanza kulia, sauti nyembamba kama ya mbu mkubwa, haina hata kikohozi cha heshima. "Asilimia tano," akaita. "Nane. Kumi." Mimi nilikuwa ninajua namna inavyofanya kazi, maana nilikuwa nimekisoma kitabu chake kwa siri ili nipate la kukosoa. Inavuta hewa kwanza, kisha inapewa mafuta. Ikipewa mafuta bila hewa ya kutosha, moto unakosa pa kwenda, unageuka ndani na kuyayeyusha mapanga madogo ya ndani kwa muda wa kumeza mate mara mbili. "Kumi na mbili. Mafuta," akaita, na nikasikia mngurumo wa moto ukishika.

"Zima!" nikapiga kelele. "Zima! Kuna makumbi ndani!"

Mngurumo ulikufa. Panga likabaki likizunguka kivivu. Beryl akaiacha betri iendelee kuzungusha injini bila mafuta ili kuipoza, kisha akashuka, akafungua vifuniko, akaingiza koleo refu. Makumbi yakatoka fungu zima, mengine yamenyonywa mpaka kwenye wavu wa injini. Akayaweka juu ya kitambaa cheupe mbele ya mkaguzi.

"Ya nani haya?" akauliza Jumbe.

"Yangu," nikasema. "Nyigu walikuwa wanaingia kwenye kizibo chake. Nilisahau kuyatoa. Nimekumbuka sasa hivi tu, sekunde hii."

Mchana kutwa walichunguza ndani kwa kamera ndogo iliyo kwenye waya. Hakuna panga hata moja lililoungua. Mkaguzi akasema atarudi wiki ijayo, na kwamba wapo mafundi ambao wangenyamaza kwa kuogopa aibu. Akanipa mkono. Jumbe naye, aliyeniambia nisiguse kitu, akanikumbatia na kanzu yake nyeupe na mimi nikiwa na mafuta.

"Mzee ameokoa injini!" akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka Kikoneni. "Boti zangu mbili zile! Mzee Tsuma haendi kokote, atakaa hapa mpaka achoke mwenyewe."

Nikaila sifa ile yote, sikuacha hata makombo. Nilimtazama Beryl aliyekuwa akiosha mikono kwa petroli kwenye ndoo, nikajiambia: ndiyo haya, mwanangu, tarakimu zako zote na utepe wako, na aliyekuokoa ni mzee wa mtungi. Usiku nililala usingizi mzito.

Asubuhi alinikuta kwenye pipa langu.

"Shikamoo, baba."

"Mm."

Akanisogezea simu. Ilikuwa video ya Muhsina. Mimi nilidhani binti yule alikuwa akipiga picha ya ndege, na kweli ndege ilikuwamo, lakini bawa lilikuwamo pia, na chini ya bawa kulikuwa na mzee mwenye mtungi. Sauti ya mkaguzi ikasema, "Koo la hewa?" Sauti ya Beryl ikasema, "Safi."

Nilimwona mzee yule akishtuka. Hilo nililikumbuka. Ningeapa kwamba baada ya hapo ulimi ulinikauka, kwamba nilipigwa na butwaa, kwamba maneno yaligoma kutoka. Hivyo ndivyo nilivyojieleza mwenyewe kitandani. Lakini kwenye simu mzee anashtuka, anautazama mdomo wa bomba, anamtazama Beryl anayepanda, anatazama kona ya banda palipo na turubai. Kisha anatabasamu. Betri, anatabasamu. Asilimia tano, nane, kumi, bado anatabasamu, taratibu, kama mtu anayesubiri chakula akipendacho kiive. Mafuta. Dirishani unaona mkono wa Beryl ukirudisha chini kishikio cha mafuta ili kuyakata, macho yake yako kwenye saa ya joto. Mngurumo unakufa. Ndipo, ndege ikiwa imekwisha kuzimwa, mzee anafumbua mdomo na kupiga kelele.

Niliitazama mara mbili. Hakuna mtu niliyewahi kumdharau maishani, na nimedharau wengi, kama nilivyomdharau mzee yule.

"Muhsina alinitumia mimi peke yangu, na ameshaifuta kwake," akasema Beryl. Akaifuta mbele yangu.

"Unataka nini?" nikamwuliza.

"Sitaki kitu, baba. Kitabu cha injini cha jana hakijajazwa, na mkaguzi atakisoma." Akakiweka juu ya meza ya kazi, na kalamu juu yake. "Mimi nimekwisha kuandika upande wangu."

Akaenda kukagua nyigu.

Nimejaza vitabu vya injini kwa miaka ishirini na sita, na jambo moja ambalo hata marehemu alikuwa akilisema mbele za watu ni kwamba Tsuma anaweza kukutukana lakini kitabu chake hakisemi uongo. Nikakifungua. Kwa ule mwandiko wake wa karani alikuwa ameandika: "Injini ilizimwa wakati wa kuwashwa, joto kupanda ghafla. Koo la hewa halikukaguliwa hadi ng'ambo ya kona. Kosa ni la fundi Beryl." Saini. Hakuna neno kuhusu mtungi, hakuna neno kuhusu mzee. Kosa zima kajibebesha yeye.

Nikashika kalamu. Nikaandika: "Makumbi yaliwekwa na fundi Tsuma. Alisahau kuyatoa." Nikasoma. Ilikuwa sentensi nzuri, na kila mtu angeiamini, Jumbe angeisoma akanikumbatia tena. Pale konani turubai lilikuwa limekaa vizuri juu ya injini yangu. Nje nilimsikia Beryl akigonga bomba taratibu kwa kidole, akisikiliza kama kuna kitu ndani.

Kitabu cha injini hakifutwi. Ukikosea unapiga mstari mmoja tu juu ya neno, neno lenyewe libaki likisomeka, na unaandika la kweli kando yake. Nikapiga mstari juu ya "Alisahau kuyatoa." Kando yake nikaandika: "Alikumbuka kabla ya mafuta kufunguliwa. Alinyamaza." Nikatia saini yangu penye mstari, kama sheria inavyotaka, ili Jumbe na mkaguzi wayasome yote mawili.